Kuku huyu alikuwa na mapaja mangapi?

Mama aliinama juu ya trei, akahesabu kwa kidole bila kugusa, halafu akaniuliza, "Mwanangu, kuku huyu alikuwa na mapaja mangapi?"

Yalikuwa manane. Yamepangwa mistari miwili, ngozi juu, yameiva mpaka yanang'aa, na viazi chini yake vimenyonya mafuta yote. Mwenzenu nilikuwa nasubiri sifa. Nimetoka kazini, nimekaa kwenye foleni ya Mbagala mpaka miguu imekufa ganzi, na bado saa mbili na nusu usiku chakula kiko mezani. Badala ya sifa nikapata swali la hesabu.

Nikacheka. Watoto wakacheka. Mama hakucheka. Alikuwa anauliza kweli.

Kabla sijaendelea, ngoja niwape mapishi yenyewe, maana najua wapo waliokuja hapa kwa ajili ya chakula tu na maneno ya familia watayaruka. Siwalaumu.

Chukua mapaja manane yenye mfupa na ngozi, ya kuku wa kisasa. Nasisitiza wa kisasa, na sababu nitaieleza huko chini, ni aibu yangu mwenyewe. Kama yametoka kwenye friza, yahamishie kwenye friji tangu usiku uliopita yayeyuke taratibu. Halafu yakaushe kwa kitambaa safi au karatasi za jikoni. Hapa ndipo wengi wanaporuka, kisha wanalalamika ngozi imekuwa kama mpira. Ngozi yenye maji inachemka kwanza, haiwezi kukauka na kuwa kavu ya kuvunjika mdomoni.

Viungo: chumvi kijiko cha chai kilichojaa, punje tano za kitunguu saumu, tangawizi ya urefu wa kidole, pilipili manga nusu kijiko cha chai, bizari ya manjano robo kijiko, na mafuta vijiko viwili vya chakula. Twanga, changanya, paka kote mpaka chini ya ngozi. Mimi hufanya asubuhi kabla ya kutoka, naweka kwenye friji, naenda zangu kazini. Ndimu usiiweke asubuhi. Ukiiacha kutwa nzima nyama inalegea inakuwa kama unga. Kamulia mapaja yakishatoka motoni.

Jioni washa oveni nyuzi 200 na uiache ipate moto kwanza. Menya viazi, kata vipande vinne vinne, vipake mafuta na chumvi, vitandaze kwenye trei. Mapaja juu yake, ngozi ikitazama juu. Usifunike. Dakika 40 hadi 45, na usiwe unafungua mlango kila dakika kama unachungulia mgeni. Kujua yameiva, choma kisu penye nyama nene karibu na mfupa, maji yatoke meupe bila damu. Mwenye kipimajoto, ndani lazima ifike nyuzi 74, lakini paja linakuwa tamu zaidi likivuka 80, kwa sababu lina kano na utando mwingi unaotaka moto ndiyo ulainike. Kidari kwa moto huo kingekuwa mbao. Ndiyo maana mtu mchovu anachagua paja. Linasamehe. Ukichelewa dakika kumi unamwogesha mtoto, linakusubiri.

Kuhusu LUKU msiogope sana. Oveni yangu ni ile ndogo ya mezani, wati 2,000. Ikiwaka saa nzima mfululizo ingekula uniti mbili, lakini ikishapata moto huwa inazima na kuwaka yenyewe, kwa hiyo haifiki huko.

Haya, mapishi yameisha. Wa chakula kwaherini. Waliobaki, karibuni jikoni.

Mama alikuja kwangu mwaka 2024, baada ya mafuriko ya Aprili. Mliofuatilia habari mnakumbuka. Mto Rufiji ulijaa, maji yakaingia vijiji vya Rufiji na Kibiti, mpunga ukalala chini ya maji, watu wakawa wanatolewa kwa mitumbwi na boti. Hatujamaliza kushika vichwa, mwanzoni mwa Mei kikaja kimbunga Hidaya upande wa Mafia, mvua nyingine tena, na barabara ya kusini ikakatika kule Somanga.

Kwetu ni ndani ya delta. Ukitoka Dar unashuka Bungu, unatafuta gari la Nyamisati, kilomita kama 40 hivi, halafu hapo Nyamisati unasubiri maji. Yakijaa boti inaingia kwenye vijito katikati ya mikoko, yakitoka unakaa gatini unakula korosho. Nyumba ya mama ilikuwa ya miti na udongo. Nyumba ya udongo ikikaa kwenye maji siku kadhaa haianguki kwa kishindo. Inamomonyoka kidogo kidogo huku unaiangalia. Kaka yangu mkubwa alimtoa mama akiwa na begi moja, kanga alizovaa, na kuku wawili wa kienyeji wamefungwa miguu.

Hao kuku ndio aibu yangu niliyosema. Wiki ya kwanza nikataka kumwonyesha mama kwamba hapa maisha ni mepesi. Nikamchinjisha jogoo mmoja, nikamkata, nikampaka viungo vyote, nikamtia kwenye oveni dakika 45 kama kawaida yangu. Alitoka anapendeza, ungemweka kwenye kalenda. Kumuuma sasa! Mume wangu alitafuna kipande kimoja kwa heshima mpaka taarifa ya habari ikaisha. Mama, aliyekuwa anakula jikoni, akasema kwa upole, "Huyu hamkumpika. Mmemtisha tu."

Jogoo mzee wa kienyeji amekimbia maisha yake yote. Miguu yake ni misuli mitupu. Anataka kuchemshwa kwanza, saa nzima au zaidi, ndiyo mambo mengine yafuate. Nilikuwa nalijua hilo tangu nikiwa mtoto. Miaka ya mjini na mapaja ya pakiti ilikuwa imenisahaulisha.

Baada ya hapo nikarudi kwenye mapaja yangu. Ndipo mama akaanza yale maswali. Siku ya kwanza idadi ya mapaja. Siku nyingine, "Firigisi zao ziko wapi?" Nikamwambia kule wanakochinja wanazitenga, zinauzwa peke yake. "Na shingo?" Nazo peke yake. Akanyamaza, akapiga hesabu. "Kwa hiyo wamekufa kuku wanne, na shingo nne hazijulikani zilipo."

Watoto walifanya huo kuwa utani wa nyumbani. Mimi nilikuwa naanza kupata wasiwasi. Mama alikuwa hali. Anakula matonge matatu, anasema nimeshiba mwanangu, anaenda kukaa dirishani. Kanga zilikuwa zinamzidi. Kila siku nilikuwa namwekea paja kubwa kuliko yote, na kila siku nalikuta limehamia kwenye sahani ya mjukuu.

Sasa niwaeleze paja lina habari gani kwangu.

Nyumbani kwetu kuku alikuwa na ramani. Firigisi ya baba, hiyo haina mjadala. Ukikosea ukaipakua sahani nyingine ni kesi. Paja moja la mgeni kama yupo, la pili la kaka mkubwa. Kama mgeni hayupo, mapaja yote mawili ya kaka zangu. Kidari kinakatwakatwa kwa wadogo. Mabawa sisi wasichana. Mgongo unazungushwa. Miguu na kichwa anayevitaka. Shingo ya mama. Na kuku alikuwa anachinjwa kwa sababu: Idi, mgeni, mgonjwa, au mtu anasafiri. Siku za kawaida ni wali na samaki, kamba wakipatikana, na mchicha.

Nilikua mpaka nikaondoka kwetu sijawahi kula paja zima la kuku. Sisemi kwa uchungu, nasema kwa rekodi. Lakini mtoto anaona. Ukikaa kwenye mkeka na bawa lako, unamwona kaka yako anashika paja kwa mikono miwili, unajua kabisa dunia imepangwaje.

Mshahara wangu wa kwanza hapa Dar nilikwenda kwenye kibanda cha chipsi. Kijana akaniuliza huku anageuza viazi, "Dada, paja au kidari?" Yaani nilisimama pale kama nimeulizwa swali la mtihani. Hakuna mtu alikuwa ameniuliza hivyo kabla. Nikasema paja. Tangu siku ile mimi ni mtu wa paja. Nilipopata nyumba yangu na oveni yangu, nikaanza kununua pakiti za mapaja matupu, ili kwangu pasiwe na ramani. Mtoto wa kiume paja, mtoto wa kike paja, baba paja, mama paja. Wote sawa. Siku nikiwa na wageni wawili, wanapata paja na wao.

Sasa mnaelewa kwa nini swali la mama lilinichoma. Aliona kuku wa ajabu mwenye mapaja manane. Mimi niliona haki.

Jioni moja, mume wangu yuko safari, nikaamua kusema yote. Nikamwekea mama paja, nikakaa karibu naye chini jikoni, maana kukaa mezani na mkwe wake hakuwahi kuzoea. Mume wangu ni mtu wa bara, kila siku anamwita "Mama, karibu mezani", na mama kila siku anajibu "Nashukuru baba, niko vizuri huku." Nikamwambia, "Mama, miaka yote ulikula shingo ili sisi tule nyama. Tunajua. Sasa ni zamu yako. Kula paja."

Nilikuwa na machozi kidogo, nakiri. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno hayo kwa siku nyingi.

Mama akalisukuma paja pembeni na kuniangalia kama nimemtukana. "Nani kakwambia nilikuwa naonewa?"

Nikasema, "Lakini mama, shingo…"

"Shingo naipenda. Shingo ina kazi. Paja unalimaliza upesi halafu unabaki unakodolea sahani ya mwenzio. Shingo unakaa nayo. Watoto wanakula, wanaomba nyongeza, wanapigana, wewe bado una kitu mkononi. Hakuna mtu atasema mama hana chakula." Akatabasamu kidogo. "Na ini moja nilikuwa nakula jikoni kabla sijawaita. Mpishi gani analala njaa?"

Nikacheka. Lakini alikuwa hajamaliza.

"Wewe unakumbuka paja ulilokosa. Siku uliyotoka zahanati na malaria, mwili umekwisha, tulichinja kuku. Ulikula nini?"

Nikajaribu kukumbuka. Sikumbuki.

"Maini yote. Na mchuzi. Kaka zako walinuna siku mbili. Hilo hulikumbuki."

Jamani. Nilikaa pale nikatafuta kichwani, hakuna kitu. Kila bawa nililowahi kupewa nalikumbuka. Maini siyakumbuki.

Akaendelea, safari hii bila utani. "Anayepakua ndiye anayejua nani anaumwa, nani kagombana na nani, nani kesho anapanda boti. Kwa hiyo kipande hiki kinakwenda pale. Hapa kwako kila mtu anachukua lake, yote yanafanana. Chakula kizuri, sikatai. Lakini mimi kazi yangu nini?"

Nilitaka kumjibu kwamba kaka zangu hawakuwa wanaumwa kila siku, na bado mapaja yalikuwa yao. Nikamwambia hivyo. Akakubali. "Hilo kweli. Pale tulikosea." Akakunja kanga yake. "Nataka kurudi nyumbani."

Hapo ndipo tuligombana. Nikamwambia nyumbani gani? Nyumba haipo. Shamba limelala. Maji yatarudi tena. Nikamkumbusha mwaka 2017, ule wakati wa mauaji ya Kibiti, watu wanalala mapema kwa hofu, bodaboda zimepigwa marufuku kutembea usiku, sisi watoto wake tunapiga simu kila siku tukimbembeleza aje Dar, na yeye anasema shamba namwachia nani. Nikasema safari hii hapana. Safari hii nimeamua.

"Umeamua," akasema.

Kisha akanisimulia jambo ambalo nilikuwa nimelisikia kwa juu juu tu. Mama hakuzaliwa kwenye delta, aliolewa huko. Amezaliwa kwenye bonde, juu kidogo ya mto, na alikuwa mtoto wa miaka kama saba ilipokuja Operesheni Rufiji. Mwaka 1968 maji yalikuwa yamejaa vibaya, na serikali ikaamua watu wa bondeni wahamie vijiji vipya mahali pa juu, wapate shule, zahanati na maji ya bomba. Mama anasema bibi alihama, akajenga, watoto wakasoma, yeye mwenyewe alisoma huko. Hakuna aliyesema shule ni mbaya. Lakini mpunga haukubali kuhamia mlimani. Kwa hiyo msimu ukifika bibi anafunga mzigo, anateremka bondeni, anakaa miezi kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti, anafukuza ndege na nguruwe, anavuna, anarudi juu.

"Walituhamisha kwa faida yetu," mama akasema. "Na faida ilikuwepo. Lakini hakuna aliyemuuliza mama yangu."

Nikamwambia, "Mimi sio serikali, mama."

"Ndiyo. Wewe una oveni."

Tuliishia hapo. Sikulala usiku ule. Kwa sababu nilipotuliza hasira niliona kitu kimoja: mimi, niliyefurahi kama mtoto siku ya kwanza mtu aliponiuliza "paja au kidari", nilikuwa nimemweka mama yangu nyumbani kwangu miezi mitano na sikuwa nimemuuliza swali hata moja. Nilimpakulia nilichokipenda mimi, mahali nilipopapenda mimi, na nikashangaa hali.

Asubuhi nikampigia kaka. Kaka ana kiwanja Kibiti mjini, vyumba viwili vya tofali alivyokuwa anavijenga polepole. Tukachanga, dada yetu wa Mkuranga naye akachanga, vyumba vikaezekwa. Kisha tukamuuliza mama. Akasema atakaa Kibiti, ila msimu wa mpunga anateremka. Mimi sikuipenda hiyo "ila". Tulikubaliana masharti: simu iwe na chaji, mjukuu mmoja mkubwa awe naye, na maji yakianza kupanda anaondoka siku hiyo hiyo bila kusubiri debe la mwisho. Akakubali yote, akasema, "Mnanifundisha maji mimi." Mwezi wa kumi akapanda basi. Kumbe ni maisha yale yale ya bibi, nyumba juu na shamba chini. Hatukuvumbua kitu.

Sasa nije kwenye Idi ya mwaka 2025. Tukaenda Kibiti wote. Nilipiga simu kuuliza nibebe nini, mama akasema bebeni sukari na mchele wa akiba, "na usije na yale mapaja yako."

Tukakuta jogoo mmoja na watu tisa. Oveni hakuna. Mama akaniambia, "Haya, fundi wa kuchoma, choma."

Basi niwape na mapishi ya pili, kwa msio na oveni. Jogoo alichemshwa kwanza na chumvi, tangawizi na kitunguu saumu, saa moja na zaidi, mpaka uma unaingia kwa kujitahidi kidogo. Supu usimwage, pikia wali. Kuna nazi, tukakuna, tukakamua tui zito kikombe kimoja, nikalichemsha na bizari, pilipili na ndimu mpaka likashika. Nikawapaka wale vipande, nikawapanga kwenye sufuria pana bila kuwabananisha, nikafunika kwa sinia la bati. Halafu moto chini na moto juu, kama unavyopika mkate wa kumimina. Siri iko kwenye mgawanyo wa makaa: machache chini, mengi juu ya sinia. Ukigeuza hesabu, chini kunaungua na juu kunabaki kweupe. Dakika 20 hadi 25, katikati unafunua mara moja kupaka tui lililobaki.

Najua mkakati wa taifa unataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi, na mimi naunga mkono kwa mikono miwili. Kifua cha mama kimevuta moshi wa kutosha. Kaka ana mtungi mdogo wa gesi, tulichemshia hapo. Lakini kwa ile ngozi iliyoiva juu, siku ile tulitumia makaa. Na nikwambieni ukweli, ilitoka nzuri kuliko ya oveni yangu. Ina harufu ya nazi iliyoungua kidogo pembeni.

Chakula kikashuka mkekani. Sinia za wali, sufuria ya kuku, watu wamenawa. Nikasogea nyuma kumpisha mama apakue. Mama akachukua upawa, akaufuta na kanga, akanipa mimi.

"Pakua."

Jamani, mnaweza kucheka, lakini moyo ulinienda mbio. Watu tisa, mapaja mawili. Hapa hakuna kuku wa miguu minane wa kukuokoa. Nikaangalia watu, na ndipo nikaelewa mama alichomaanisha, kwa sababu huwezi kupakua bila kuwaangalia. Mume wangu ni mkwe, firigisi ikaenda kwake, akaipokea bila kujua ni tuzo. Shemeji, mke wa kaka, mjamzito wa miezi saba, kidari kizima. Wavulana wawili wakapata mabawa, wakatazamana, hawajawahi. Binti yangu kidari kilichobaki, kwake paja si habari tena. Kaka yangu mkubwa nikampa mgongo. Akaangalia sahani, akaniangalia mimi, akaangalia tena sahani. Nikajifanya nageuza wali.

Mtoto wa kaka, msichana wa miaka minane, alikuwa amekaa mwisho wa mkeka ametulia, anafuata upawa kwa macho. Nayajua macho yale. Nikampa paja. Hakulishika mara moja. Alimwangalia baba yake kwanza. Kaka, Mungu ambariki, akasema, "Kula, mama."

Paja la pili nikamwekea mama.

Mama akalitazama. "Shingo umempa nani?"

"Iko kwangu."

Akanyamaza. Nilidhani atalisukuma, atampa mjukuu kama alivyozoea. Hakulisukuma. Alikula lote, taratibu, mpaka mfupa ukawa mweupe, na mimi nikakaa na shingo yangu. Ni kweli ina kazi. Nyama iko kwenye vipango vidogo vidogo, lazima uitafute. Watoto waliomba wali mara mbili, mjomba mtu akasimulia habari zake zote za kamba na bei ya korosho, na mimi bado nina kitu mkononi.

Mwisho mama akanawa, akajifuta, nikamuuliza, "Mama, paja vipi?"

Akafikiri. Mama hajui kusifia chakula bure.

"Lina nyama," akasema. "Halina kazi."

Sijui ilikuwa sifa au lawama. Labda vyote. Nimerudi Dar, na Jumanne mapaja manane yanaingia kwenye oveni kama kawaida, maana Jumanne ni Jumanne, foleni ni ile ile, na mimi sina muda wa jogoo. Ila Jumapili nanunua kuku mzima. Nakata mwenyewe. Na upawa napeana kwa zamu: wiki hii mwanangu wa kiume, wiki ijayo dada yake. Wiki ya kwanza yule wa kiume alijipakulia mapaja yote mawili, akashuhudia jinsi watu wanavyokula kimya. Wiki yake iliyofuata alianza kwa kuniuliza, "Mama, leo umechoka?"

Nikasema nimechoka sana. Akanipa maini.

Nyie kwenu nani anapakua?